Ngoma Haiishi Kabatini: Linyekula na Somo la Kisangani

Mwaka 2006, mchezaji na mtunzi wa dansi Faustin Linyekula aliihamisha Studios Kabako, studio ya dansi aliyoianzisha Kinshasa mwaka 2001, akaileta Kisangani. Wasanii wengi hushika njia ya kinyume: hutoka Kisangani kwenda Kinshasa, na kutoka huko hutazama Brussels au Paris. Yeye Ulaya ilikuwa imekwisha kumjua, na mji alioujia ulikuwa na makovu ya vita vya siku sita vya Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana mitaani na makombora yakawaua raia wasiohusika na ugomvi huo. Wanaomsifu hutaja majukwaa ya Avignon na New York. Mimi naona jambo lake kubwa ni ualimu wake hapa nyumbani. Kinyago hudumu hata mchongaji akifa, na kitabu humsubiri msomaji miaka mia. Ngoma haina pa kuishi ila katika mwili wa mtu aliyefundishwa na mwingine.

Maisha yake mwenyewe yanaonyesha hivyo. Alizaliwa Ubundu mwaka 1974, akasoma fasihi na tamthilia Kisangani, kisha akahamia Nairobi mwaka 1993. Huko, mwaka 1997, alianzisha pamoja na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen kundi la Gàara, lililofungua njia ya dansi ya kisasa nchini Kenya. Baadaye mwenyewe alifundisha Ulaya na Marekani. Lakini ushahidi mzito zaidi umo katika kazi mbili. Katika Banataba, iliyoonyeshwa mwaka 2017 kwenye jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, alianzia kwenye sanamu ya Walengola, watu wa upande wa mama yake. Jumba lile lilikuwa limeitunza sanamu vizuri. Lisichoweza kukitunza ni miondoko, nyimbo na watu walioipa kazi. Mwaka 2019, katika Histoire(s) du théâtre II, aliwapandisha jukwaani wachezaji wakongwe wa Baleti ya Taifa, chombo cha enzi za Mobutu kilichocheza utenzi wa Lianja wa Wamongo. Utawala uliolikuza kundi lile ulianguka, nchi ikabadili hata jina, lakini wazee wale bado walibeba hatua zao. Wahawaii nao walijifunza jambo hilohilo. Mwaka 1830 Malkia Ka'ahumanu alipiga marufuku ngoma yao ya hula hadharani, lakini walimu waliendelea kuirithisha pembeni. Ndiyo maana Mfalme Kalākaua alipoirudisha mbele ya watu katika sherehe za kutawazwa kwake mwaka 1883, palikuwa na waliojua kuicheza.

Kuna watakaosema kwamba hula ni urithi wa Wahawaii, ilhali dansi ya Linyekula haifanani na ngoma za vijijini na hulipiwa na fedha za Ulaya. Kuhusu fedha wana haki: kazi inayotegemea mfuko wa mgeni huyumba mgeni akibadili nia. Ila dawa ya utegemezi huo ni mji na mkoa kuchangia. Kuifunga studio hakumkomboi mtu. Kuhusu urithi, desturi hazikuwahi kusimama tuli. Hata Lianja wa Baleti ya Taifa alitungwa upya kwa ajili ya jukwaa na kwa matakwa ya wakuu, na leo tunamwita wa jadi.

Pingamizi gumu zaidi linatoka ng'ambo ya kushoto ya mto upitao Kisangani, komini ya Lubunga. Watu wanaohangaikia maji safi dansi itawafaa nini? Na tangu 2023, ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulipomwaga damu hukohuko, mbona sanaa haikuuzuia? Kwa swali la kwanza, Studios Kabako haikulikwepa. Kazi yake na wakazi wa Lubunga iligusa pia suala la maji, na mwaka 2014 juhudi zake Kisangani zilipewa tuzo ya kwanza ya taasisi ya Curry Stone ya Marekani. Kwa swali la pili, tusiibebeshe ngoma mzigo wa serikali. Mipaka ya ardhi huamuliwa na sheria, na usalama hulindwa na dola; zikishindwa hizo, hakuna mazoezi ya jukwaani yatakayoziba pengo. Mwalimu wa dansi hutoa kitu kidogo zaidi, ila cha lazima: humzoesha kijana nidhamu, kumsikiliza mwenzake, na kuamini kwamba mjini kwake panaweza kutengenezwa kitu cha kutazamwa na dunia.

Kwa hiyo tuzo zake, ikiwemo ile kuu ya Prince Claus ya mwaka 2007, si kipimo cha kutosha. Tuhesabu vijana wa komini za Makiso, Mangobo na Lubunga watakaoweza kuwafundisha wengine yeye asipokuwepo. Hesabu hiyo haitamhusu yeye peke yake. Mkoa wa Tshopo una chuo kikuu, una wazee wanaojua ngoma za Walengola, Wambole na Wamongo, na una vijana wasio na kazi. Kuwakutanisha hao kabla wazee hawajaisha hakuhitaji ruhusa ya Brussels.