Kisu cha Kwanza kwa Mkono Wako: Kwa Vijana Wetu wa Toronto

Jambia, au khanjar kama wasemavyo Waomani, limo katika bendera ya Oman, na mwaka 2022 UNESCO iliingiza ufundi na mila zake katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Lakini kwa jamaa zetu waliohamia Toronto, mara nyingi jambia la babu limebaki ukutani au sandukuni. Vijana wanalitazama, kisha wanauliza: je, mtu asiye mhunzi anaweza kutengeneza la kwake? Kisu anaweza kukitengeneza. Ila asianze na jambia.

Sababu ni kwamba jambia ni kazi nyingi ndani ya kitu kimoja. Bapa lake limepinda na lina makali pande mbili, mpini una ufundi wake, na ala na mkanda vinataka mtu wa ngozi na mtu wa fedha. Anayeanza achague kisu kidogo cha jikoni, bapa la sentimita 10, makali upande mmoja. Kisu hicho kitakata vitunguu kila siku, na mama atamwambia ukweli wake siku ya kwanza.

Kwanza ni chuma. Usiokote chuma usichokijua asili yake. Nunua bamba la chuma cha pua chenye kaboni, la aina iitwayo 1084, unene wa milimita 3 hivi. Kina kaboni ya asilimia 0.84 takriban, nacho humsamehe mwanafunzi kwenye moto. Chuma kisichoshika kutu kinataka joto kali zaidi na vipimo vya kitaalamu. Kiache kwa baadaye.

Chora umbo kwenye karatasi, libandike juu ya bamba, likate kwa msumeno wa chuma. Libane kwenye jiliwa, kisha fanya kazi kwa tupa. Toboa matundu ya mpini sasa kwa keekee, kwa sababu chuma kikishapata moto hakitoboki. Usimalize makali: yaache na unene wa kama milimita 1, karibu sawa na sarafu ya senti 10 ya Kanada. Makali membamba mno hupinda au kupasuka yanapozamishwa. Vaa miwani na barakoa, maana vumbi la chuma si la kuvuta.

Halafu moto, ambao ndio roho ya kazi yote. Chuma kikifika nyuzi 770 za Selsiasi hivi, sumaku haikishiki tena. Ongeza kidogo, kifike kama 815, kisha kizamishe mara moja katika mafuta yaliyopashwa nyuzi 50 hivi. Mafuta ya kanola yanafaa, na mmea wake ulizalishwa hukohuko Kanada miaka ya 1970. Usitumie maji, hupoza kwa ghafla mno, na chuma kinaweza kupasuka. Kikishapoa, pitisha tupa: ikiteleza bila kuuma, chuma kimekuwa kigumu.

Lakini ugumu huo ni wa kioo, kikianguka kitavunjika. Kisafishe mafuta, kiweke katika oveni kwa nyuzi 200 kwa saa 2, kipoe, kisha rudia. Oveni nyingi za Kanada zimeandikwa kwa Farenhaiti, kwa hiyo weka 400. Hapa ndipo haraka huharibu kazi ya wiki nzima.

Wengi wa watu wetu Toronto wanaishi ghorofani. Tupa, msasa na oveni vinawezekana nyumbani. Moto wa gesi, hapana, wala barazani. Kwa hatua hiyo peke yake nenda kwenye karakana ya wahunzi inayofundisha, au mpe fundi mwenye tanuri. Hakuna aibu: hata jambia hupita mikono kadhaa.

Kwa mpini tumia mbao ngumu na kavu. Mti ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada unafaa sana. Gundisha vipande viwili, vifunge kwa vijiti vya shaba, piga msasa, paka mafuta. Makali ya mwisho ni ya kinoo na maji. Baada ya kutumia, kioshe na ukikaushe palepale, kwani chuma hiki hushika kutu.

Wazazi pia wajue sheria. Kanada inakataza visu vinavyofunguka kwa springi au kwa kurushwa mkono. Kisu cha kawaida cha jikoni, au jambia la kumbukumbu nyumbani, halimo humo. Lakini kubeba silaha kwa kuificha ni kosa la jinai. Na kama mpini wa jambia la babu ni wa pembe ya kifaru, usilisafirishe kabla ya kuulizia kibali: spishi zote za kifaru zimo katika orodha kali ya mkataba wa CITES tangu 1977.

Kijana aliyewahi kukaa na tupa siku kadhaa kwa ajili ya kisu cha vitunguu atalishika jambia la babu yake kwa namna nyingine. Ataona mgongo ulio katikati ya bapa, na atajua umegharimu nini. Hapo mwulizeni mzee, angali hai, nani alilifua na wapi, na mwandike jibu lake.