Fomu Isipofika, Kodi Iko Palepale

Kila Aprili, wiki ya mashindano ya gofu ya Masters inapofika, wakazi wa mji wa Augusta katika jimbo la Georgia, Marekani, hufungasha mizigo na kuwaachia wageni nyumba zao. Bei ya kulala usiku mmoja hupanda mno, na mwenye nyumba aliyekwenda kukaa kwa jamaa anaweza kurudi akiwa na maelfu ya dola. Fedha hizo haziingii kwenye ritani yake ya kodi ya serikali kuu, wala hajavunja sheria. Kifungu cha 280A cha sheria ya kodi kinasema kwamba mtu akipangisha makazi yake kwa siku zisizofika 15 katika mwaka, pango hilo halihesabiwi kuwa mapato, liwe dola mia tano au elfu hamsini. Naye, kwa upande wake, hawezi kudai gharama za upangishaji.

Akipangisha kwa siku 15, msamaha wote unayeyuka. Pango lote la mwaka linatangazwa, pamoja na la siku zile 14 za mwanzo.

Kwa hiyo mwenyeji aliyeko Marekani anayepangisha nyumba kupitia jukwaa la Airbnb au Vrbo angepaswa kuanza na kalenda. Wengi lakini huanza na fomu: husubiri 1099-K, taarifa ambayo jukwaa hupeleka kwa mamlaka ya mapato, IRS, na nakala yake kwa mwenyeji mwishoni mwa Januari. Isipofika, huamini hawadaiwi chochote.

Fomu yenyewe imeyumbishwa sana. Kwa miaka mingi ilitolewa kwa aliyepokea zaidi ya dola 20,000 katika miamala inayozidi 200. Sheria ya mwaka 2021 ilishusha kiwango hadi dola 600, IRS ikaahirisha utekelezaji mara kadhaa, na sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 ikarudisha masharti ya zamani. Sasa piga hesabu: nyumba moja ambayo kila mgeni hulala siku tatu haiwezi kupokea wageni zaidi ya 121 kwa mwaka, hata isipokaa tupu usiku mmoja. Maana yake wenyeji wengi wa nyumba moja hawafikii miamala 200. Baadhi ya majimbo yana viwango vya chini zaidi, kama Massachusetts na Virginia ambako ni dola 600, na huko fomu huja hata kwa mapato madogo. Ije isije, wajibu wa kutangaza mapato unabaki ulivyo.

Inapokuja, huja na mtego wake. Tuseme mgeni amelipa dola 540, yaani 450 za kulala na 90 za usafi, na jukwaa limekata kamisheni ya dola 16. Benki inaonyesha 524, lakini fomu inaonyesha 540, kwa sababu huandika malipo ghafi kabla ya makato. Mwenyeji anayetangaza kilichoingia benki anaipa IRS tarakimu mbili zisizolingana, na barua ya maswali inaweza kufuata. Njia sahihi ni kutangaza 540, kisha kutoa kamisheni na malipo ya mfanya usafi kama gharama, risiti zikiwa mkononi.

Gharama za nyumba nzima, kama bima, umeme na riba ya mkopo, hugawanywa kulingana na siku za kupangisha na siku za matumizi binafsi. Hapo undugu unaweza kuleta hasara. Kaka akilala wikiendi bila kulipa, siku hizo ni za matumizi binafsi, sawa na kwamba mwenye nyumba amelala mwenyewe. Zikizidi 14, au asilimia 10 ya siku zilizopangishwa kwa bei ya soko, kutegemea ipi ni kubwa, nyumba inahesabiwa kuwa makazi na gharama haziwezi tena kuzidi mapato yake.

Huduma nazo huamua ukurasa wa kujaza. Anayetoa nyumba, umeme na intaneti, na kusafisha mgeni mmoja anapotoka na mwingine kabla hajaingia, kwa kawaida hujaza Jedwali E la mapato ya pango. Anayefanya usafi kila siku na kubadilisha mashuka mgeni akiwa bado ndani anakaribia kuendesha hoteli. Huyo huhamia Jedwali C la biashara, ambako faida hukutana pia na kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3.

Mbali na kodi ya mapato kuna kodi ya malazi ya jimbo, kaunti au mji. Mahali pengine jukwaa huikusanya na kuiwasilisha, kwingine kazi hiyo ni ya mwenyeji mwenyewe.

Mkenya au Mtanzania mwenye uraia wa Marekani au grinikadi ana jambo la ziada. Marekani humtoza kodi kwa mapato yake ya dunia nzima, hivyo nyumba ya wageni ya Nyali au Paje nayo inaingia kwenye ritani. Marekani haina mkataba wa kodi ya mapato na Kenya wala Tanzania, lakini kodi ya mapato aliyolipa nyumbani anaweza kuidai kama punguzo kupitia Fomu 1116, mradi ana uthibitisho wa malipo. Na ikiwa jumla ya akaunti zake za nje ilivuka dola 10,000 hata kwa siku moja tu ya mwaka, anadaiwa taarifa nyingine ya akaunti hizo, FBAR. Hiyo huwasilishwa kwa FinCEN, kitengo cha Wizara ya Fedha ya Marekani, mbali na ritani, na hutakiwa hata kama nyumba haikuingiza faida yoyote.