Sauti ya Mzazi Aliye Vitani

Askari apelekwapo ng'ambo, mtoto mchanga aliyemwacha nyumbani huendelea kukua bila kumwona. Miezi ipitapo, uso wa baba humtoka akilini. Na siku baba arudipo, mtoto humkimbia kama mgeni.

Jambo hilo lilimpata Bibi Betty Mohlenbrock wa Marekani. Mumewe, daktari wa jeshi la majini, alipelekwa mbali wakati wa vita vya Vietnam. Aliporudi, binti yao mdogo hakumtambua. Bibi huyo alikuwa mwalimu, na alijua pia kuwa watoto wengi huanza shule bila kuzoea kusomewa. Basi mwaka 1989 alianzisha chama kiitwacho United Through Reading, ili magonjwa hayo mawili yapate dawa moja.

Njia yenyewe ni nyepesi. Askari, awe baba au mama, huchagua kitabu cha watoto, huketi mbele ya kamera na kukisoma kwa sauti. Picha hiyo hupelekwa nyumbani. Mtoto hufuata kurasa za kitabu huku akimtazama mzazi wake. Na akipenda, husikiliza tena kesho na kesho kutwa.

Wala si askari peke yao walio mbali na watoto wao. Mzazi afanyaye kazi mji wa mbali aweza kufanya vivyo hivyo kwa simu yake. Fedha za mwisho wa mwezi humlisha mtoto. Hadithi isomwayo na mzazi humfanya amjue aliyezituma.