Usiuze Springi za Shokapu kwa Jina la Pikipiki Tu

Wadau wa spea mtandaoni, leo tuongelee springi za shokapu za nyuma. Mteja anakuja inbox: "Shokapu za Boxer bei gani?" Unamtajia bei, anatuma hela, mzigo unapanda basi. Siku 3 baadaye anapiga simu: "Bosi, hizi zinanirusha, abiria wanalalamika." Hapo nauli ya kurudisha mzigo inakula faida yote, na mteja umeshampoteza.

Jina la pikipiki linakusaidia kujua kama shokapu itafunga. Kama itafaa kwa kazi yake, hiyo lazima uulize. Mimi kabla sijataja bei huuliza mambo manne.

1. Unabeba nini?
Anayebeba abiria mmoja mjini na anayebeba magunia ya mkaa kijijini wanaweza kuwa na pikipiki za aina moja, ila springi zao haziwezi kuwa sawa. Springi ngumu bila mzigo inarusha, na tairi linaacha kushika barabara vizuri. Springi laini ikizidiwa inagonga mwisho kila shimo.

2. Za zamani zinasumbua vipi?
Kama zinagonga akipakia, springi imechoka au ni laini kwa kazi yake. Kama pikipiki inadunda dunda baada ya tuta, au kuna mafuta yanavuja, tatizo liko kwenye shokapu yenyewe. Mafuta ya ndani ndiyo yanayotuliza springi. Huyo usimuuzie springi tupu, muuzie shokapu kamili.

3. Umejaribu kuzungusha ngazi?
Pikipiki nyingi zina kikombe chenye ngazi kwenye springi. Kukipandisha kunanyanyua nyuma, lakini springi haiwi ngumu zaidi. Mwambie ajaribu kwanza, pande zote mbili ziwe ngazi sawa. Akimaliza tatizo bila kununua, usijali. Siku akitaka cheni au tairi atakukumbuka.

4. Nitumie vipimo na picha
Apime na tepu kutoka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini. Apime na upana wa tundu la bolti. Ukimpa shokapu ndefu kuliko za mwanzo, nyuma inanyanyuka na akiegesha kwa stendi ya pembeni pikipiki inalala sana. Ukimpa fupi, tairi linaweza kugusa madigadi akipakia.

Sasa unene wa waya. Hapa wengi tunapitwa. Kama upana wa springi na idadi ya mizunguko ni sawa, waya wa milimita 8 unatoa springi ngumu kwa karibu asilimia 70 kuliko waya wa milimita 7. Milimita moja tu! Mizunguko ikipungua nayo inaongeza ugumu. Kwa hiyo nunua kalipa, pima kila aina uliyonayo dukani, uandike kwenye tangazo. "Springi ngumu" peke yake haimwambii mteja kitu.

Angalia pia kama ni springi moja au ni mbili, moja ndani ya nyingine. Baadhi ya Boxer zimekuja hivyo. Ukipima ya nje tu umepima nusu.

Kwa mteja ambaye asubuhi anapanda mwenyewe na jioni anabeba mzigo, mtafutie springi ambayo mizunguko yake imebanana upande mmoja na kuachana upande mwingine. Inaanza laini, halafu inakuwa ngumu kadiri mzigo unavyoongezeka.

Mambo mawili ya kukataa hata mteja akibembeleza. Usiuze upande mmoja, kwa sababu mpya na iliyochoka hazibebi sawa na pikipiki inakosa utulivu kwenye kona. Na usimshauri akate springi ili ikae. Ikikatwa inakuwa ngumu na fupi, na inaweza isikae vizuri kwenye kikombe chake. Juu yake anakaa abiria, mara nyingine mama na mtoto.

Maswali haya yaandike kwenye simu yako uwe unakopi na kutuma. Dakika 5 za kuuliza ni nafuu kuliko kulipia basi mara mbili. Wewe huwa unamuuliza nini mteja wa shokapu? Tuambiane hapo chini.