Goti Likiuma: Utembee, Uinuke Kitini, au Uingie Majini?

Je, goti lako hulia kila unapoinuka mkekani? Je, ukifika katikati ya ngazi hulazimika kusimama, mkono ukutani, ukijifanya unamsubiri mtu? Ikiwa umeshapita miaka 50 na unaishi Kibokoni, Kuze, Makadara au kwingineko katika Kisiwa cha Mombasa, basi huenda ugonjwa huu unaujua kwa jina la "baridi". Madaktari huuita osteoathritisi. Ni uchakavu wa kiungo: gegedu, yaani ule utando laini na imara unaofunika ncha za mifupa, hupungua, na mfupa wenyewe hubadilika umbo. Feni unayolala nayo haikusababisha chochote.

Mji wa Kale haumhurumii mwenye goti bovu. Nyumba nyingi ni za ghorofa na ngazi zake ni nyembamba, zimesimama karibu wima. Jikoni kuna mbuzi ya kukunia nazi, ambayo mtu huikalia karibu na sakafu. Vyoo vingi ni vya kuchuchumaa. Na mara tano kwa siku Mwislamu husujudu na kukaa tahiyatu. Mengi ya mambo hayo hulikunja goti hadi mwisho wake.

Mama yangu mdogo aliyaacha mambo hayo moja baada ya jingine. Kwanza aliiacha mbuzi, akawa ananunua nazi iliyokwisha kunwa. Kisha akaanza kusali juu ya kiti. Hatimaye kitanda chake kikateremshwa chini, na tangu hapo hakupanda tena orofani alikowalea watoto wake. Nilipomwuliza mbona hata barazani hatoki, alinijibu, "Mwanangu, goti ni kama tairi. Kila ukilitembeza ndivyo linavyokwisha."

Msomaji mpendwa, huenda hata wewe umewahi kuyasema maneno hayo. Yanaingia akilini, lakini si kweli. Gegedu ni kitu hai. Haina mishipa ya damu, bali hulishwa na ute ulio ndani ya kiungo, na ute huo huingia na kutoka goti linapobanwa na kuachiwa, kama sifongo. Mtu akikaa tu, chakula hicho hupungua. Isitoshe, misuli ya paja husinyaa kwa muda wa wiki chache, na misuli ikishasinyaa, goti hubaki kubeba mzigo peke yake. Maumivu huzidi, mgonjwa huzidi kukaa.

Basi swali si kama ufanye mazoezi au usifanye. Swali ni mazoezi gani, na hapa ndipo watu wanapobishana: huyu anasema tembea, yule anasema inua vyuma, mwingine anasema nenda baharini.

Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 1997 uliyapambanisha mawili ya mwanzo. Watu 439 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, wote wakiwa na ugonjwa huu wa goti, waligawanywa makundi matatu. Kundi la kwanza lilitembea, la pili lilifanya mazoezi ya kuimarisha misuli kwa uzito, na la tatu lilipewa elimu ya afya tu. Baada ya miezi 18, maumivu ya waliotembea yalikuwa chini kwa asilimia 12 kuliko ya wale waliopewa elimu, na ya waliofanya mazoezi ya misuli yalikuwa chini kwa asilimia 8. Nafuu hiyo si ya muujiza, nami sitaki kukudanganya. Lakini sikiliza hili: picha za eksirei hazikuonyesha magoti ya waliofanya mazoezi yakiharibika zaidi kuliko ya wenzao. Mambo ya tairi yaliishia hapo.

Mwaka 2025 jarida la tiba la BMJ la Uingereza lilitoa uchambuzi wa majaribio 217 yaliyohusisha watu 15,684. Yale mazoezi ya kuufanya moyo na mapafu yafanye kazi, kama vile kutembea, kuendesha baiskeli na kuogelea, ndiyo yaliyoongoza katika kupunguza maumivu na kuboresha mwendo.

Je, vyuma vizito? Kijana wa mazoezi mtaani atakuambia kwamba uzito ukiwa mkubwa ndipo goti linapopona. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya jaribio la watu 377, lililodumu miezi 18. Walioinua uzito mkubwa hawakupata nafuu ya maumivu kuliko walioinua mdogo, wala kuliko wale waliokuwa wakikutana kwa mafunzo ya afya tu. Kwa hiyo ukiona bango la klabu linalokuahidi goti jipya kwa vyuma, pita zako.

Yapo pia mazoezi ya polepole ya Kichina yaitwayo tai chi, ambayo mtu huhamisha uzito wake kutoka mguu huu hadi ule bila haraka. Huko Boston, katika jaribio la watu 204 lililochapishwa mwaka 2016, mazoezi hayo yalileta nafuu sawa na ya tiba ya viungo ya hospitali baada ya wiki 12. Sikutaji hilo ili umtafute mwalimu wa Kichina. Nalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba mwili hauna upendeleo mkubwa, mradi unasogezwa kwa utaratibu na bila kukatiza.

Maoni yangu basi ni haya. Kwa mwenye kuishi kisiwani, kutembea kuwe ndio msingi, na kuinuka kitini kuwe msaidizi wake. Kutembea hupunguza maumivu, lakini hakutoshi kukupandisha ngazi ya nyumba ya Ndia Kuu. Kwa ngazi unahitaji paja lenye nguvu.

Anza na kiti kigumu kisicho na magurudumu, kimeegemezwa ukutani. Keti, kunja mikono kifuani, simama polepole, kisha keti tena bila kujitupa. Ukishindwa, jisukume kwa mikono au weka mto ili kiti kiwe juu zaidi. Fanya mara 10, pumzika, rudia. Halafu, ukiwa umeketi, nyoosha mguu mmoja mbele, ukaze paja, hesabu hadi 5, uteremshe. Siku tatu kwa wiki zinatosha. Wiki zikipita na ukijiona imara, panda na kushuka kidato cha kwanza cha ngazi huku umeshika ukuta.

Ama kutembea, chagua mahali tambarare. Barabara ya Mama Ngina, chini ya ile mibuyu, ina upepo wa bahari na mahali pa kuketi. Anayeishi Mji wa Kale anaweza kuishia Fort Jesus na kurudi. Usianzie kwenye mteremko wa feri ya Likoni, maana kushuka hulielemea goti kuliko kwenda sawa. Toka baada ya sala ya alfajiri au jioni, hasa nyakati za Kaskazi jua linapochoma. Dakika 10 zatosha mwanzoni. Ongeza kidogo kidogo hadi ufike 30 kwa siku nyingi za wiki. Vaa viatu vya raba, sapatu hazifai.

Maji ni rafiki wa mtu mzito au yule ambaye hata dakika 10 za kutembea zinamshinda. Ukisimama katika maji ya kiunoni, goti hubeba karibu nusu tu ya uzito wako. Tatizo ni pwani ya kisiwa chenyewe: mwamba mkali, na siku za bamvua maji hujaa na kupwa kwa nguvu. Afadhali ufuo wa mchanga, upande wa Nyali au Bamburi, maji yakiwa yametulia na ukiwa na mwenzio.

Maumivu yakikujia wakati wa mazoezi usikimbilie kuacha. Maumivu madogo yanayotulia kabla ya kesho yake si hatari. Goti likivimba au likiuma zaidi siku ya pili, punguza nusu, usiache. Na ngazini kumbuka: kupanda, mguu mzima utangulie; kushuka, mguu mbovu ndio utangulie.

Uzito nao usiusahau. Watafiti waliopima mwendo wa wazee wanene mwaka 2005 waligundua kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini huliondolea goti mzigo wa kilo nne kwa kila hatua. Mahamri mawili ya asubuhi yanaweza kuwa moja. (Najua nimewaudhi wengi.)

Kuhusu vidonge vya diklofenaki na ibuprofeni ambavyo wengi hununua dukani wiki baada ya wiki: huumiza tumbo na figo, na hupandisha shinikizo la damu. Dawa ya kupaka yenye diklofenaki ni salama zaidi kwa goti, na yafaa kupakwa ili uweze kutembea, si badala ya kutembea.

Mama yangu mdogo alianza na kiti, mara tano tu, akilalamika. Miezi minne baadaye alikuwa akitembea hadi Fort Jesus na kurudi. Kitanda bado kiko chini, na sala bado ni ya kitini, jambo ambalo sheria imemruhusu. Lakini orofani sasa anapanda, mkono ukutani, mguu mzima mbele.

Usianze mazoezi kabla ya kumwona daktari ikiwa goti limevimba ghafla, lina joto na una homa; ikiwa uliteleza ukashindwa kuukanyagia mguu; ikiwa goti hukwama lisikunjuke; au ikiwa muundi umevimba na kuuma. Hospitali Kuu ya Pwani, pale kisiwani, ina wataalamu wa tiba ya viungo. Ukienda, wachukulie dawa zote unazomeza, hata zile za dukani, na uwaeleze ni kidato cha ngapi cha ngazi goti linapoanza kuuma.