SENTI ZA SHABA ZA KILWA

Mtu akisikia neno hazina, mara moja hufikiri dhahabu. Hata leo wako ndugu zetu wanaokesha chini ya mibuyu na kando ya magofu, jembe mkononi, wakitafuta ile iitwayo mali ya Mjerumani. Alfajiri hurudi nyumbani na vumbi na malengelenge.

Na huku hazina ya kweli huokotwa ufukweni mwa Kilwa Kisiwani pasipo jembe. Ni visarafu vya shaba, vyembamba, vilivyoota kutu ya kijani, ambavyo asiyejua angevidhani vifungo vya koti kuukuu. Upande mmoja kuna jina la mtawala, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na maneno ya pande hizo mbili yamepangwa yapatane kwa vina. Mwaka haukuandikwa. Hizi zilikuwa senti za sokoni. Dhahabu ya Sofala ilipita Kilwa ikaenda zake ng'ambo, bali shaba hii ilibaki mikononi mwa wavuvi, waashi na wachuuzi, na kwa hiyo sisi twaiona kuwa na thamani kuliko dhahabu yenyewe.

Yatupasa tuangalie jinsi sarafu hizi zilivyotufunza. Kipo kitabu cha Kiarabu cha habari za Kilwa, ambacho nakala yake ilinakiliwa Unguja mwaka 1877 na leo imo London. Mreno João de Barros naye aliandika habari za wafalme hao katika karne ya 16. Hao wawili hawapatani katika kila jambo. Mwanzilishi wa ufalme, Ali bin al-Hasan, kwa hesabu ya Mreno aliishi katika karne ya 10. Bwana Neville Chittick, aliyechimba Kilwa tangu miaka ya 1950 na kutoa vitabu vyake viwili mwaka 1974, alihukumu kwamba Ali alitawala mnamo mwaka 1200. Elimu ilikuwa imesimama hapo, na wengi waliridhika.

Basi mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, zikaonekana sarafu za fedha zaidi ya 2,000 zilizofukiwa pamoja, na kati yake dinari chache za dhahabu kutoka nchi za Waislamu wa kaskazini. Dinari zile zilikuwa na miaka yake, nayo ilikuwa ya karne ya 11 na kabla yake. Na katika zile za fedha likasomwa jina la Ali bin al-Hasan! Mfalme akarudishwa nyuma zaidi ya miaka mia moja, pamoja na ustaarabu wote wa pwani uliohesabiwa kwa jina lake. Hapana kitabu kilichofanya kazi hiyo. Ilifanywa na sarafu zilizokutwa pamoja, mahali pamoja, na watu waliojua kuandika kila kitu kilikaa wapi.

Hapo ndipo penye jambo. Sarafu iliyookotwa ikatiwa mfukoni bila mtu kuandika ilipokuwa imelala ni kama shahidi aliyekatwa ulimi. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu tisa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Akazitia mkebeni, na mpaka mwaka 1979 hapana mwenye elimu aliyeziangalia. Tano kati yake zilikuwa za Kilwa. Zilifikaje huko, ng'ambo ya bahari yote ya Hindi? Wataalamu wangali wakibishana. Lakini moja ya al-Hasan bin Sulaiman, yule sultani aliyemkaribisha Ibn Battuta mwaka 1331, ilikutwa Zimbabwe Kuu, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kilwa. Hiyo twaielewa vizuri, maana njia ya dhahabu ilipita huko.

Fundi anayechimba msingi wa nyumba pwani, au mkulima anayelima karibu na magofu, huenda akakutana na kigae cha kauri ya China, ushanga, au senti kama hizi. Mara nyingi huvitupa pamoja na kifusi, au humuuzia mgeni kwa bei ya chai. Wala hatumlaumu sana, kwa kuwa hapana aliyemwambia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yamtaka mwenye kugundua kitu cha namna hiyo aiarifu serikali, na kukipeleka nje ya nchi bila ruhusa ni kosa. Basi aache sururu kwanza, aweke alama mahali pale, kisha amwite ofisa. Asikioshe wala asikisugue kwa mchanga ili king'ae, kwa maana herufi za Kilwa ni nyembamba, na pamoja na kutu huondoka jina la mfalme.