Fuata Nyuki, Lakini Uliza Ua

Fuata nyuki ule asali, walinena wahenga, wala hawakukosea. Lakini nyuki naye hufuata maua, na maua si yote yenye heri kwa mwanadamu.

Huko Lunga Lunga, mji wa mpakani katika njia ya Mombasa kwenda Tanga, nilimwuliza mzee mmoja mrina asali: "Mzee wangu, ni kweli iko asali inayodhuru?"

Akanijibu: "Iko, mwanangu. Ukionja ikakuwasha koo, usimeze. Kwanza tazama kama karibu na mzinga pana mnyaa."

Mnyaa twaujua sote. Ndio uliozunguka nyua zetu, na utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni balaa. Asali ya miti ya jamii hiyo yajulikana sana Afrika Kusini: huwasha kinywa na koo mfano wa pilipili, na ukinywa maji, moto huzidi.

Kali kuliko hiyo ni ile ya Uturuki, pande za Trabzon. Mwaka 401 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, askari wa Kiyunani waliila wakatapika, wakahara, wakashindwa kusimama. Xenophon, mmoja wa makamanda wao, ameyaandika hayo. Hakufa mtu; siku ya tatu au ya nne wakainuka. Asili yake ni maua ya rododendroni, ambayo sumu yake hushusha shinikizo la damu na kupunguza mapigo ya moyo. Mti huo si wa nyika zetu, basi tusitiane hofu.

Huenda msomaji akauliza: mbona Surat An-Nahl, aya ya 69, yataja kuwa asali ina ponyo? Ibn Kathir, aliyefariki mwaka 1373, amelifungua fundo hilo. Amepokea kauli kuwa aya imetaja ponyo, haikusema kuwa ni ponyo la kila maradhi. Dawa nayo ina mahali pake.

Asali ya mizinga mingi ikichanganywa, sumu hupungua. Ya mzinga mmoja huja na nguvu zake zote. Kwa hiyo anunuaye chupa kando ya barabara na aulize imerinwa wapi, kisha aionje kwa ncha ya ulimi. Mrina mwaminifu hatachukia. Ama muuzaji ajuaye kisha akanyamaza, huyo ameghushi, na ghushi dini yetu imeikataza.